Betri ni ya Leo, Chipu ni ya 1968

Wasee, tuambiane ukweli. Vitu vingi tunavyojiundia hapa Nkubu vinatumia betri ya simu ya volti 3.7 au chaja ya volti 5. Lakini ukiulizia opampu, ile chipu ya kukuza ishara ndogo, jibu ni lilelile: "Chukua 741." Kisa? Ndiyo iko kwenye noti.

Sasa cheki historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya George Philbrick kule Boston, Marekani, iliuza opampu iliyoitwa K2-W. Ilikuwa na vali mbili za glasi, na ilitaka volti 300 chanya na 300 hasi!

Mwaka 1968, Dave Fullagar wa Fairchild akatoa 741. Volti zikashuka hadi 15 chanya na 15 hasi, na kapasita ya kuituliza ilikuwa ndani tayari. Rahisi kutumia, kwa hivyo walimu wakaipenda. Shida ni kwamba kila upande inapoteza kama volti 2. Kwa 30 hiyo si kitu. Kwa 5, unabaki na volti 1 hivi katikati.

Miaka ya 1970 zikaja LM324 na LM358: umeme wa upande mmoja, kuanzia volti 3, na zinasoma ishara hadi sifuri. Ila ukizipa 5, zinafika kama 3.5 tu. Baadaye zikaja kama MCP6002, ya volti 1.8 hadi 6, inayokaribia kabisa sifuri na juu.

Mbona hii ni ya maana? Chukua kijana anayeunda kipima joto cha vifaranga. Sensa ya LM35 kwa digrii 35 inatoa volti 0.35. Kwa umeme wa 5, 741 haiwezi kusoma hapo chini. Chombo kinakataa, hela imeenda, na yeye anaamini kichwa chake ndicho kizito. Hapana, buda! Chipu ilizaliwa kwa dunia nyingine.

Kwa hivyo kabla ununue, uliza matatu: betri ikikaribia kuisha itakuwa volti ngapi? Ishara yangu iko karibu na sifuri? Nataka itoke hadi wapi? Jina liwe la mwisho.

Na walimu wetu, kwa heshima: 741 ifundisheni, lakini kwenye somo la historia. Ama mnaonaje?