Abonema za IA zenye kuandika programu: unalipia nini kweli?

Wanafunzi wa informatiki na vijana wenye kutengeneza tovuti ku Goma, Bukavu, Beni ao Bunia wanaanza kutumia wasaidizi wa akili bandia, ile tumezoea kuita IA. Wenye kujulikana ni GitHub Copilot, Cursor na Claude Code. Unaandika mustari mumoja wa programu, musaidizi anaendelesha yenye kubakia. Unamuonyesha kosa, anajaribu kulitengeneza. Lakini bei ziko nyingi: bure, dola 10, dola 20, dola 39, mpaka dola 200 kwa mwezi. Hapa tunaeleza tofauti yao, juu mutu asipoteze feza yake bure.

Unanunua kiasi

Wengi wanafikiri kama mwenye kulipa dola 200 anapata akili mara kumi kuliko mwenye kulipa dola 20. Hapana. Mara nyingi modeli ni zilezile. Kinachoongezeka zaidi ni kiasi cha kazi unachoweza kuomba. Ni kama forfe ya mega: intaneti ni ileile, lakini forfe ya siku inaisha mbele ya ile ya mwezi. Kila swali lako linafanyiwa kazi ku kompyuta kubwa za kampuni, na kazi hiyo iko na gharama. Ndiyo sababu wanaweka mipaka.

Njia tatu za kuhesabu

Kwanza, kwa idadi ya maombi. Copilot ya bure ilitangazwa mu mwezi wa 12 mwaka 2024: kila mwezi ilikuwa inamaliza mistari mara 2.000 na kujibu maswali 50. Mu mwaka 2025, abonema ya dola 10 ilikuwa na maombi 300 kwa modeli zenye nguvu, na ile ya dola 39 maombi 1.500. Ukigawa 300 kwa siku 30, ni maombi 10 kwa siku. Lakini angalia: modeli ingine ya bei kali iliweza kuhesabiwa mara 10 kwa ombi moja. Hapo 300 zinakuwa 30 tu kwa mwezi muzima.

Pili, kwa tokeni, maana yake vipande vya maneno vyenye musaidizi anasoma na kuandika. Kazi ndefu inakula nyingi. Cursor ilibadilisha hesabu yake mu mwezi wa 6 mwaka 2025: dola 20 hazikuwa tena za maombi 500, zilikuwa za matumizi ya bei ya dola 20. Watu wengi waliona forfe inaisha haraka, na mwezi uliofuata kampuni iliomba musamaha na kuahidi kurudisha feza kwa waliotozwa bila kutazamia.

Tatu, kwa saa. Abonema ya Claude ya dola 20, na zile za dola 100 na 200, ziko na mupaka wenye kuanza upya kila saa 5. Kisha mwezi wa 8 mwaka 2025, mupaka wa juma uliongezwa.

Mupaka ukifika

Hapa ndipo feza inaweza kupotea. Kuna musaidizi anayesimama mpaka kipindi kipya. Ingine inakurudisha ku modeli ndogo. Ingine inaendelea, lakini inakata dola juu ya karti yako. Mbele ya kulipa, tafuta mu mipangilio mahali pa kuweka kiasi cha juu cha matumizi ya ziada, uandike sufuri.

Kwa mwanafunzi na kwa kampuni ndogo

GitHub iko na mupango wa wanafunzi wenye kufungua Copilot bila malipo. Unahitaji kuhakikisha masomo yako, mufano kwa email ya shule ao picha ya karti ya mwanafunzi.

Abonema za kampuni zinalipwa kwa kila mutu. Copilot Business ilikuwa dola 19: watu watano ni dola 95 kila mwezi. Kinachoongezeka hapo ni usimamizi na ulinzi wa programu zenu.

Malipo kwetu

Kampuni hizi zinaomba zaidi karti ya benki. Goma na Bukavu, mabenki yalifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, kwa hiyo mutu anaweza kulipiwa na ndugu aliye nje. Kama ni hivyo, mwambie ndugu kama abonema inajirudilia yenyewe kila mwezi mpaka uizime. Na usinunue akaunti ya kushiriki na watu usiowajua: yule mwenyewe anaweza kuona kazi yako, ao kubadilisha neno la siri.

Bila intaneti

Kuna njia ingine: Ollama, programu ya bure yenye kufanya modeli itumike ndani ya kompyuta yako. Qwen2.5-Coder ndogo iko karibu na giga 1. Ukiisha kuitelesharja mara moja, inafanya kazi hata konexio ikikatika. Haifikie zile kubwa, lakini kwa mazoezi ya shule inasaidia.

Shauri letu: anza na ya bure, uhesabu mwezi mumoja maombi yako. Ikiisha mbele ya tarehe 15, fikiria dola 10, na ulipe kwa mwezi, si kwa mwaka, juu bei na mipaka hii inabadilika mara nyingi.