Jinsi ya kujiundia kidhibiti kidogo cha michezo ya midundo

MICHEZO ya kompyuta ambayo humtaka mchezaji abonyeze vitufe sambamba na mdundo wa muziki ilishika mizizi nchini Japani katika miaka ya mwisho ya karne ya 20. Desemba 1996, mchezo wa PaRappa the Rapper ulitolewa kwa mashine ya PlayStation. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya Konami ikaleta beatmania katika kumbi za michezo, mashine yenye vitufe vitano na sahani ya kuzungusha mithili ya santuri. Mwaka 1998 ukafuata Pop'n Music wenye vitufe tisa vikubwa vya rangi, na Dance Dance Revolution ambao huchezwa kwa miguu.

Kila mmoja wa michezo hiyo ya ukumbini ulikuja na chombo chake. Hapo ndipo penye mvuto wake, na ndipo penye tatizo pia. Mwenye kuizoea mashine ya ukumbini, akirudi nyumbani na kujaribu kuucheza mchezo wa aina hiyo kwa kibodi ya kawaida, huona vidole vimepotea njia. Vidhibiti rasmi vya nyumbani vipo, lakini bei yake si ya kila mfuko, na vile vinavyoiga mashine kwa ukamilifu hujaza meza nzima. Isitoshe, vitufe vyake vikubwa hupiga kelele, na anayeishi katika nyumba za ghorofa zenye kuta nyembamba hukosana na jirani kabla ya wimbo wa tatu kumalizika.

Kutokana na hali hiyo, wapenzi wa michezo hii wamejifunza kujiundia vidhibiti vidogo, vingine vyenye ukubwa wa kitabu, ambavyo huingia katika mkoba wa shule. Kazi hiyo haihitaji shahada ya uhandisi. Inahitaji mkono mtulivu wa kulehemu, subira, na ufahamu wa mambo machache ambayo fundi akiyapuuza chombo chake kitaonekana kizuri lakini kitamwangusha mchezaji katikati ya wimbo.

Makala haya yanachukua kwa mfano mchezo wa Sound Voltex, uliotolewa na Konami mwaka 2012, kwa sababu umbo lake linafaa kupunguzwa. Ubao wake una vitufe vinne vyeupe vilivyopangwa kwa mstari, vitufe viwili virefu chini yake ambavyo aghalabu hubonyezwa kwa vidole gumba, kitufe kimoja cha kuanzia juu katikati, na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja kushoto na kimoja kulia, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Asiyeweza kuupata mchezo wenyewe anaweza kutumia K-Shoot Mania, programu ya bure ya kompyuta inayofuata mpangilio huo huo.

Moyo wa chombo ni bodi ndogo yenye maikrokontrola, yaani kompyuta iliyokusanywa katika kipande kimoja. Mradi wa Arduino, ulioanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ndio uliozifikisha bodi za aina hii mikononi mwa watu wasio wahandisi. Hata hivyo, si kila bodi ya Arduino inafaa. Ile ya Uno ya matoleo ya zamani haiwezi kujitambulisha kwa kompyuta kuwa kibodi bila hila za ziada. Inayotakiwa ni bodi yenye kipande cha ATmega32U4, kama vile Leonardo iliyotoka mwaka 2012, au nduguye mdogo Pro Micro, ambayo ina urefu wa takriban sentimita tatu na nusu tu na pini 18 za kuunganishia. Kipande hicho huzungumza na kompyuta moja kwa moja kupitia USB, na kompyuta hudhani imechomekwa kibodi na kipanya. Bodi ya Raspberry Pi Pico, iliyozinduliwa Januari 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani, nayo yafaa, ingawa pini zake hutumia volti 3.3 badala ya 5 na mpangilio wake ni tofauti na ulioelezwa hapa.

Kwa vitufe, swichi za kibodi za aina ya Cherry MX ndizo chaguo la busara. Swichi nyekundu ya aina hiyo huitikia ikishuka milimita 2 na hufika chini kwa milimita 4, nayo haitoi mlio wa kukatika katikati. Kelele inayobaki ni ya kifuniko kugonga chini, ambayo hupungua kwa kuvishwa mpira mwembamba. Siku hizi kampuni kadhaa za Uchina huuza swichi za umbo hilo hilo kwa bei nafuu. Vilevile mtu anaweza kuzing'oa katika kibodi kuukuu yenye swichi hizo. Msomaji wa Nairobi atapata waya, rezista na vifaa vya kulehemu katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue.

Vitufe ni saba na kila kifundo kinahitaji pini mbili, hivyo jumla ya pini zinazotumika ni 11. Kwa kuwa bodi ina 18, kila kitufe kipewe pini yake. Kibodi za kawaida huunganisha vitufe vyake kwa mtindo wa safu na nguzo ili kuokoa pini, na pasipo dayodi katika kila swichi, mtindo huo huweza kuifanya kompyuta idhani kitufe kisichoguswa kimebonyezwa. Hapa hatuna haja ya kuingia katika taabu hiyo. Mguu mmoja wa kila swichi uende kwenye pini yake, na miguu ya pili yote iunganishwe kwa waya mmoja unaoishia kwenye pini iliyoandikwa GND. Rezista za nje hazihitajiki, maadamu kipande chenyewe kina rezista za ndani ambazo huishikilia pini juu hadi kitufe kinapoivuta chini. Katika programu, pini hutangazwa kwa neno INPUT_PULLUP.

Kuna hesabu moja inayopendeza. Taarifa ambayo kibodi ya USB ya mtindo wa msingi huituma kwa kompyuta ina baiti nane, na kati ya hizo sita tu ndizo za vitufe vya kawaida. Kwa hiyo kibodi ya namna hiyo haiwezi kutaja zaidi ya vitufe sita kwa wakati mmoja. Sound Voltex ina vitufe vinne vyeupe na viwili virefu. Kile cha kuanzia hakitumiki wimbo ukiendelea. Sita kamili! Anayetaka kuunda kidhibiti cha Pop'n Music chenye vitufe tisa anaweza kuacha njia ya kibodi na kukifanya chombo kijitambulishe kama usukani wa michezo, ambao kila kitufe chake huwakilishwa na biti moja.

Sasa tufike penye kiini cha jambo, nacho ni wakati. Skrini nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha ikidumu takriban milisekunde 16.7, na michezo hii hupima usahihi wa mchezaji kwa vipimo vinavyokaribia huo. Kompyuta haisikilizi kibodi muda wote, bali huiuliza kwa vipindi. Vipindi hivyo katika kibodi nyingi za bei rahisi ni milisekunde 8 au 10, lakini bodi yetu inaweza kuomba iulizwe kila milisekunde 1.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao wengi hujiletea wenyewe. Vipande viwili vya chuma ndani ya swichi vinapokutana, havitulii papo hapo. Hudunda mara kadhaa kabla ya kushikana, kama mpira ulioangushwa sakafuni. Pasipo kinga, bonyezo moja husomwa kuwa matatu au manne. Programu nyingi za mfano hufundisha kungoja milisekunde 5 hadi swichi itulie, ndipo bonyezo litangazwe. Kinga hiyo ni salama, lakini humkopa mchezaji milisekunde 5 kila mara. Zikijumlishwa na 8 za kibodi ya kawaida huwa 13, karibu picha nzima ya skrini.

Njia iliyo bora ni kutangaza bonyezo mara tu mguso wa kwanza unapoonekana, kisha kukifumbia macho kitufe hicho kwa milisekunde 5 zinazofuata. Kudunda kote huishia ndani ya kipindi hicho cha upofu na mchezaji hacheleweshwi hata kidogo. Hata mwenye vidole vyepesi awezaye kubonyeza mara 20 kwa sekunde ana milisekunde 50 kwa kila bonyezo, hivyo upofu wa milisekunde 5 haumdhuru. Zaidi ya hayo, amri ya delay isionekane popote katika programu. Amri hiyo huisimamisha bodi nzima, na kinachotokea vitufeni wakati huo hupotea.

Vifundo hutumia enkoda, kifaa ambacho hutoa mapigo kwa njia mbili zilizopishana. Njia ya kwanza ikitangulia, kifundo kinazungushwa upande mmoja. Ya pili ikitangulia, kinazungushwa upande wa pili. Wajenzi wa vidhibiti vikubwa hupenda enkoda za mwanga zenye mapigo 600 kwa mzunguko, ila kila moja ina kipenyo cha milimita 38 na mwili mnene, hivyo haziingii kwa urahisi katika chombo kidogo. Zile ndogo za mguso wa chuma, zenye mapigo 24, hutoa hatua 96 kwa mzunguko pindi kila badiliko la njia zote mbili likihesabiwa. Si laini kama za mwanga, lakini zinatosha kucheza. Mnunuzi achague zile zisizo na vituo vya kukwama anapozungusha, kwa kuwa vituo hivyo huudhi sana kifundo kinapohitaji kusogezwa polepole.

Mguu wa katikati wa enkoda huenda kwenye GND, na miwili ya pembeni huenda kwenye pini 0 na 1 kwa kifundo cha kwanza, 2 na 3 kwa cha pili. Pini hizo zimechaguliwa kwa makusudi, kwani zinaweza kuikatiza programu papo hapo badiliko linapotokea, na hatua haipotei. Kifundo cha kushoto kitumwe kama mwendo wa kipanya kwenda kando, na cha kulia kama mwendo wa juu na chini. Mzunguko ukionekana kinyume, miguu miwili ya pembeni ibadilishwe nafasi.

Tahadhari moja kabla ya kupakia programu. Bodi inayoandika herufi bila kukoma huweza kumnyima mwenyewe nafasi ya kuirekebisha. Programu iandikwe hivi kwamba kitufe cha kuanzia kikishikiliwa wakati wa kuchomeka, chombo kisitume chochote.

Kuhusu kasha, bamba la juu liwe la chuma lenye unene wa milimita 1.5, kwani ndilo swichi hizi hunasa ndani yake zenyewe. Kila tundu ni mraba wa milimita 14. Fundi wa jua kali atatoboa duara la milimita 12 na kumalizia pembe kwa tupa. Mbao nyembamba au plastiki ya milimita 3 pia hutumika, lakini swichi hazinasi na itabidi gundi. Nafasi ya milimita 24 kutoka kitovu cha kitufe kimoja hadi kingine hukifanya chombo chote kiwe na upana wa takriban sentimita 16. Wapo wanaobana zaidi, hadi milimita 19 kama kibodi, lakini kwa maoni yetu ufinyu huo huibana mikono pamoja na kuvipinda vifundo vya mikono kwa nje, jambo linalochosha haraka. Chombo kidogo pia huteleza mezani. Chini pawekwe miguu ya mpira na kipande kizito cha chuma, na bodi isikiguse chuma hicho.

Vidhibiti vingi vya kujiundia hufa kwa sababu moja: tundu la USB katika bodi za Pro Micro za zamani hung'oka waya ukivutwa. Limiminiwe gundi ya moto pembeni, na waya ufungwe ndani ya kasha ili mvuto uishie kwenye kasha na si kwenye bodi.

Jaribio ni rahisi. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, bonyeza kitufe kimoja haraka haraka mara 100, kisha hesabu herufi. Zikizidi 100, swichi inadunda kupita kipindi cha upofu. Zikipungua, tazama viungo vya solda. Mchezaji asitumie vipokea sauti visivyo na waya, kwa kuwa vingi huchelewesha muziki kwa zaidi ya milisekunde 100, na hapo juhudi zote za kuokoa milisekunde 5 huwa bure.

Kasha lifungwe kwa skrubu, lisigandishwe kwa gundi. Swichi nzuri hukadiriwa kustahimili mabonyezo milioni 50 au zaidi, ilhali enkoda ndogo hukadiriwa kwa maelfu tu ya mizunguko, na ndizo zitakazohitaji kubadilishwa kwanza.