Kusafiri Kwenda Ibo: Upepo, Maji na Mamlaka katika Maandalizi ya Safari za Baharini, Kaskazini mwa Cabo Delgado

Ikisiri

Kisiwa cha Ibo, katika funguvisiwa la Kirimba nchini Msumbiji, huelezwa leo kuwa mji wa mbali na mgumu kufikika. Makala haya yanachunguza historia ya maandalizi ya safari ya kwenda Ibo kwa kumtazama msafiri anayetoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, hususan maeneo ya Mute na Palma. Hoja kuu ni kwamba umbali wa Ibo haukuletwa na bahari, bali ulitokana na mabadiliko ya mamlaka na njia za usafiri. Makala yanaonyesha kuwa msafiri wa pwani hii alilazimika kuzisoma kalenda tatu kwa pamoja: ya upepo, ya maji na ya dola. Yanahitimisha kwa kuonyesha kilichotokea kati ya 2017 na 2021, pale ambapo wakazi walilazimika kusafiri bila kusubiri hata moja kati ya kalenda hizo.

1. Utangulizi

Mute ni kijiji cha wilaya ya Palma, kwenye barabara inayounganisha Palma na Mocímboa da Praia. Mkazi wake anayetaka kwenda Ibo kwa njia ya kale hana budi kwanza kuteremka pwani, kisha kuelekea kusini kwa zaidi ya kilomita 150, akipita visiwa vidogo na miamba ya matumbawe. Eneo hili ni makutano ya lugha. Kimakwe huzungumzwa kuanzia Palma kuelekea Kionga, Kimwani huzungumzwa kusini zaidi hadi Ibo na Pemba, Kimakonde huzungumzwa bara, na Kiswahili huvuka Mto Ruvuma kutoka upande wa Tanzania. Wanaisimu, akiwemo Thilo Schadeberg aliyekitazama Kimwani mwaka 1994 na Maud Devos aliyeandika sarufi ya Kimakwe mwaka 2008, wameujadili uhusiano wa lugha hizo na Kiswahili. Mjadala huo haujafungwa. Lililo wazi ni kwamba wazungumzaji wake wanaishi katika bahari moja, na kwamba bahari hiyo ndiyo iliyowakutanisha kwa karne nyingi.

Historia ya pwani hii imeandikwa zaidi kwa kufuata ngome, mikataba na makampuni. Safari yenyewe, yaani uamuzi wa lini kuondoka, kwa chombo gani na kwa idhini ya nani, haijapewa nafasi inayostahili. Makala haya yanaanzia hapo.

2. Kalenda mbili za bahari

Kalenda ya kwanza ni ya upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, nayo husukuma vyombo kuelekea kusini. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba, nayo huvirudisha kaskazini. Katikati hupatikana kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo hauna mwelekeo wa kutegemewa. Kwa majahazi yaliyotoka Arabuni na Ghuba, Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mwendo uliowezekana katika msimu mmoja. Bandari za kusini ya hapo zilihudumiwa kwa kiasi kikubwa na vyombo vya wenyeji, vilivyopokezana bidhaa kutoka kituo hadi kituo. Kirimba ilikuwa sehemu ya mlolongo huo.

Jambo jingine ni mkondo wa bahari. Mkondo mkuu wa Ikweta ya Kusini, unaotoka mashariki, hugawanyika unapokaribia pwani ya Afrika katika maeneo ya Rasi ya Delgado: tawi moja huelekea Tanzania na jingine huingia Mlango wa Msumbiji. Kwa hiyo nahodha aliyetoka Palma kwenda Ibo alisafiri katika eneo ambalo maji yenyewe yalikuwa yakigawana njia. Vyombo vidogo havikulazimika kungoja msimu mzima. Viliweza kuutumia umande, upepo wa alfajiri utokao bara, na kupumzika pale upepo wa mchana ulipogeuka. Ila safari ya namna hiyo ilikuwa ya vituo, na kila kituo kilihitaji maji ya kunywa, mwenyeji wa kumpokea msafiri na chakula.

Kalenda ya pili ni ya maji. Katika visiwa vya Kirimba, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Mikoko imezunguka Ibo, na mlango wa kuingilia bandarini ni wa kina kidogo. Maji yakipwa, mtu huweza kutembea kwa miguu kati ya Ibo na kisiwa cha Kirimba kwa kupita kwenye mikoko; maji yakijaa, njia hiyo hiyo huwa ya mashua. Hadi leo vyombo vinavyovuka kutoka Tandanhangue, bandari ndogo ya bara katika wilaya ya Quissanga, huondoka kwa kufuata maji na si kwa kufuata saa ya ukutani. Mgeni anayefika maji yakiwa yamekupwa hungoja. Mwenyeji huhesabu siku za mwezi kabla hajafunga mzigo.

Kalenda hizi mbili zinaonyesha kuwa neno "maandalizi" katika safari ya pwani halikuwa na maana ya kukusanya vitu tu. Lilikuwa na maana ya kungoja kwa maarifa.

3. Ibo kama kitovu

Katika karne ya 16 kisiwa chenye sifa kubwa zaidi katika funguvisiwa hili kilikuwa Kirimba. Wafanyabiashara Waislamu wa hapo waliendesha biashara nje ya ukiritimba ambao Wareno walijaribu kuujenga kutoka Kisiwa cha Msumbiji, na mwaka 1522 Wareno walikishambulia kisiwa hicho. Biashara haikufa. Padri João dos Santos, Mdominika aliyeishi Kirimba mwishoni mwa karne hiyo na ambaye kitabu chake kilichapishwa Évora mwaka 1609, alieleza visiwa vyenye mashamba, mifugo na vitambaa vilivyofumwa na kutiwa rangi ya nili. Vitambaa hivyo vilijulikana sana katika pwani ya kusini.

Ibo ilichukua uongozi katika karne ya 18. Baada ya Msumbiji kutenganishwa na utawala wa Goa mwaka 1752, Ureno ilianza kuimarisha vituo vyake vya pwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1760 Ibo ilipewa hadhi ya mji. Ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, ilikamilishwa mwaka 1791. Utajiri uliohitaji ulinzi huo ulitokana kwa sehemu kubwa na biashara ya watumwa. Wanunuzi Wafaransa kutoka visiwa vinavyoitwa leo Morisi na Réunion walifika kutafuta watu wa kufanya kazi mashambani, na misafara ya bara iliwaleta mateka hadi ufukweni. Kwa mateka hao, safari ya Ibo haikuwa na maandalizi yoyote ya hiari. Historia yoyote ya safari katika pwani hii ambayo haiwataji itakuwa imesema nusu ya ukweli.

Mwanzoni mwa karne ya 19 visiwa hivi vilivamiwa mara kadhaa na Wasakalava na washirika wao kutoka Bukini, waliovuka Mlango wa Msumbiji kwa makundi makubwa ya mitumbwi. Baadhi ya visiwa vilihamwa. Wavamizi nao waliijua kalenda ya upepo, hivyo msimu uliomfaa mfanyabiashara uliweza kuwa msimu wa hofu kwa mkazi. Amri ya Ureno ya mwaka 1836 iliharamisha biashara ya watumwa kutoka makoloni yake, lakini usafirishaji wa siri uliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Katika kipindi hiki chote Ibo haikuwa mahali pa mbali. Ilikuwa mahali palipofikika kuliko sehemu nyingi za bara, kwa sababu bahari ndiyo iliyokuwa njia kuu. Kilichokuwa mbali ni vijiji visivyo na pwani.

4. Kalenda ya tatu: mamlaka

Msafiri wa kaskazini alikuwa na jambo jingine la kupima. Ghuba ya Tungi, ambako Palma ipo, ilidaiwa na Sultani wa Zanzibar, huku Ibo ikiwa chini ya Ureno. Mtu aliyetoka Tungi kwenda Ibo alikuwa na ndugu, dini na misamiati ya bahari inayofanana na ya wenyeji wake, lakini alivuka kutoka himaya moja hadi nyingine, na kutoka ushuru mmoja hadi mwingine. Mpaka huo haukuonekana majini, ila ulionekana forodhani.

Mwaka 1887, wakati wa Sultani Barghash, Ureno iliiteka Tungi kwa nguvu. Mwaka 1894 Wajerumani waliikalia Kionga, eneo dogo lililo kusini ya mdomo wa Mto Ruvuma. Wareno walilitwaa mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, na umiliki wao ukathibitishwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Hivyo, katika muda usiozidi miaka 35, ukanda wa pwani ambao jahazi lingeweza kuupita kwa siku chache ulishuhudia bendera ya Zanzibar, ya Ujerumani na ya Ureno. Mtu mmoja aliweza kuzaliwa chini ya mamlaka moja na kuzeeka chini ya nyingine bila kuhama kijiji.

Mabadiliko hayo yalibadilisha maana ya kujiandaa. Kujua upepo na maji hakukutosha tena. Ilibidi kujua pia nani anatoza kodi, nani anadai kibali, na ni ufuko gani usio na askari.

5. Kuzaliwa kwa umbali

Mwaka 1891 Ureno iliipa hati Kampuni ya Niassa kutawala kaskazini ya Msumbiji, na utawala huo ulidumu hadi 1929. Kodi ya kibanda na kazi ya kulazimishwa viliwafanya wakazi wengi wavuke Ruvuma. Makao ya kwanza ya kampuni hiyo yalikuwa Ibo. Hata hivyo, meli za mvuke zilihitaji maji yenye kina, na Ibo haikuwa nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao makuu yalihamishiwa kwenye ghuba ya Pemba, katika mji ulioitwa Porto Amélia.

Hapa ndipo umbali wa Ibo ulipozaliwa. Mikoko na maji madogo vilivyokuwa ulinzi katika zama za tanga vikawa kikwazo katika zama za mvuke. Baadaye barabara zilijengwa bara, na kila barabara iliyofika Pemba, Mocímboa da Praia au Palma iliiongezea Ibo umbali bila kisiwa hicho kusogea hata hatua moja. Nyumba za mawe zilianza kubaki wazi. Wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza Septemba 1964 katika jimbo hili hili la Cabo Delgado, ngome ya São João Baptista ilitumiwa kuwafunga wapinzani wa ukoloni. Kisiwa kilichokuwa kitovu cha biashara kikawa mahali pa kumtenga mtu.

Baada ya mwaka 2002, ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kirimba, umbali huo uligeuzwa bidhaa. Mtalii aliuziwa mji wa mawe usio na haraka, wahunzi wa fedha na kahawa ya kisiwani. Hata jina la kisiwa limepewa maelezo ya kumfurahisha mgeni: husemwa kuwa ni ufupisho wa maneno ya Kireno yenye maana ya "kisiwa kilichopangwa vizuri". Maelezo ya namna hii ni ya kawaida katika etimolojia za mitaani, na thamani yake haimo katika ukweli wa kilugha. Yanaonyesha jinsi sauti ya wenyeji inavyoweza kufunikwa hata katika jina la mahali.

6. Safari bila kalenda

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii na kuharibu sehemu kubwa ya nyumba za Ibo. Kabla ya hapo, mashambulizi ya watu wenye silaha yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwaka 2020 yalienea visiwani na kwenye barabara ya Palma. Mute yenyewe ilishambuliwa Desemba mwaka huo. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, karibu kabisa na eneo la mradi wa gesi wa Afungi.

Barabara zilipofungwa, bahari ikawa njia kuu tena. Mnamo Oktoba 2020 maelfu ya watu waliwasili kwa mashua katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, na wengine walikimbilia Ibo. Oktoba ni mwezi wa tanga mbili: kusi imelegea na kaskazi haijashika. Waliokimbia hawakungoja upepo, hawakuhesabu bamvua, wala hawakuomba idhini. Walipanda vyombo vilivyojaa kupita kiasi, na mwishoni mwa mwezi huo chombo kimoja kilizama baharini na kuua watu wengi. Kisiwa kilichotajwa kuwa cha mbali kilikuwa sasa, kwa mkimbizi, mahali pa karibu zaidi penye usalama.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa safari ya Ibo kutoka kaskazini mwa Cabo Delgado iliongozwa na kalenda tatu, na kwamba Ibo ikawa "mbali" pale dola na vyombo vyake vya usafiri vilipoacha kuitegemea bahari ya tanga. Kuita mahali "pa mbali" ni kueleza mtu anatazama kutoka wapi. Anayetazama kutoka Maputo huona mwisho wa nchi. Anayetazama kutoka ufukweni mwa Tungi huona kituo cha jirani.

Funzo kwa watafiti wa Kiswahili ni la haraka. Msamiati wa upepo, maji na vyombo katika Kimwani na Kimakwe ni kumbukumbu ya namna watu walivyosafiri kabla ya barabara, nao unabebwa na wazungumzaji ambao wengi wao wametawanyika katika kambi na miji ya ugenini. Mtoto anayekulia kambini mbali na bahari hana sababu ya kila siku ya kulitamka neno la bamvua. Kuukusanya msamiati huo sasa, pamoja na wenyewe na kwa lugha zao, ni wajibu wa taaluma hii kabla njia ya Ibo haijafutika katika maneno, kama ilivyokaribia kufutika katika ramani.