Profesa Benno Ndulu: kazi yake inakuhusu vipi wewe mwenye pesa kwenye simu?

Ukiuza mahindi kijijini leo, mnunuzi anaweza kukulipa kwa simu na ukaenda kutoa fedha kwa wakala wa jirani. Miongoni mwa waliosaidia kuufikisha utaratibu huo kwa Watanzania ni Profesa Benno Ndulu. Hapa tunaeleza alikuwa nani.

Mwalimu na mtafiti

Ndulu alizaliwa mwaka 1950. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na madukani bidhaa ziliadimika. Hayo ndiyo aliyoyatafiti.

Baadaye aliongoza AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1988, makao yake yakiwa Nairobi. Wakati huo ushauri mwingi kuhusu uchumi wa nchi zetu uliandikwa na wageni. AERC iliwapa wachumi wa Kiafrika fedha za utafiti, na mara mbili kwa mwaka iliwakutanisha wakosoane kazi zao kabla hazijachapishwa. Alifanya kazi pia Benki ya Dunia.

Gavana

Januari 2008 aliteuliwa kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, wakati taasisi hiyo imetikiswa na kashfa ya EPA. Ukaguzi ulikuwa umebaini kuwa zaidi ya shilingi bilioni 130 zililipwa isivyo halali.

Mwaka huohuo M-Pesa ilianza Tanzania. Sheria mahususi ya huduma hizo haikuwepo. Benki Kuu ingeweza kuzizuia hadi sheria itungwe, na wananchi wa vijijini, walio mbali na matawi ya benki, wangeendelea kusubiri. Kuziachia bila masharti nako kungehatarisha akiba za watu.

Ilichagua njia ya kati: iliziruhusu kwa sharti kwamba kampuni ya simu ishirikiane na benki, na fedha za wateja zitunzwe kwenye akaunti maalumu ya amana. Maana yake, salio unaloliona kwenye simu lina fedha halisi benki, na kampuni hairuhusiwi kuzitumia kwa shughuli zake. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilikuja mwaka 2015.

Ndulu alimaliza uongozi Januari 2018, na alifariki dunia Februari 22, 2021.

Tunawakumbusha wasikilizaji: akaunti ya amana hailindi fedha zako dhidi ya tapeli. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anapiga kutoka kampuni ya simu.