Wewe Panda, Mavuno Mwachie Bwana



Wiki hii dada mmoja wa kwaya aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitunga wimbo, akalipa studio kwa pesa zake za chama, na miezi mitatu baadaye waliousikiliza hawajafika mia moja. Akaniambia, "Pasta, kama wimbo huu ulitoka kwa Mungu, mbona hauendi popote?"

Labda nawe umeuliza hivyo kuhusu shairi lako, kitabu chako, au igizo ulilowafundisha vijana. Basi twende pamoja Mombasa, mwaka 1844.

Mwaka huo Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamisionari la Uingereza, alifika Mombasa na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Juni alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji. Mwezi Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine akafa, na mtoto wa kike aliyekuwa amezaliwa siku chache tu naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Krapf alipopata nguvu alirudi kwenye karatasi zake.

Wakati huo Kiswahili kilikuwa na washairi wake, na kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Krapf alianza kukiandika kwa herufi za Kilatini, akiokota neno moja baada ya jingine kutoka vinywani mwa watu. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alijiunga naye, wakaenda kuishi Rabai. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Ujerumani. Lakini kanisa lilikua polepole mno. Mtu wa kwanza waliyembatiza, mlemavu aliyeitwa Mringe, alibatizwa mwaka 1851, akiwa karibu kufa. Miaka saba ya kazi, mtu mmoja! Mwaka 1853 afya ilimshinda Krapf, akarudi kwao.

Kamusi yake aliendelea kuishughulikia hadi uzeeni. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki huko Korntal, Ujerumani, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882. Hakuishika mkononi.

Sasa sikia jambo ambalo wahubiri huwa tunaliruka. Hata baada ya kifo chake, mambo hayakwenda alivyopanga. Krapf alifanya kazi yake kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Kule Zanzibar, Askofu Edward Steere alitafsiri kwa Kiunguja. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika Mombasa penyewe, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Steere naye alifariki mwaka 1882, kabla Biblia nzima haijachapishwa. Wengine wakamalizia, wengine wakasahihisha, mpaka mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Union Version, hiyo unayokuja nayo ibada ya Jumapili. Tafsiri iliyo ndani yake si ya Krapf.

Je, alipoteza muda? La. Waliomfuata walikuta njia imeshafyekwa. Hadi leo wanaotaka kujua Kimvita cha zamani hufungua kamusi yake. Na wewe unasoma Neno kwa Kiswahili, kwa herufi za aina ile ile aliyoanza nayo mezani pake.

Mpendwa, tumezoea kuambiana, "Mwachie Mungu, utaona matokeo." Mimi pia nimelihubiri hilo. Lakini Biblia haikuahidi kwamba kila mara utayaona wewe. Musa aliiona nchi kwa mbali tu. Daudi alikusanya dhahabu na mbao, Sulemani akajenga. Paulo aliwaeleza Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akamwagilia, lakini anayeufanya mmea uwe mkubwa ni Mungu peke yake (1 Wakorintho 3:6). Kumwachia Mungu matokeo ni pamoja na kumwachia wakati, njia, na jina litakaloandikwa juu ya kazi.

Lakini usichanganye kumwachia Mungu na kulegea. Krapf hakuomba tu, aliuliza, akaandika, akafuta, akaandika tena. Ukitunga wimbo, fanya mazoezi. Ukiandika, mpe mtu akusahihishe, na akikusahihisha usinune. Hiyo ndiyo sehemu yako. Ukishaifanya kwa uaminifu, iweke madhabahuni, kisha uache kuamka saa nane za usiku kuhesabu waliosikiliza.

Yule dada nilimjibu jana. Nilimwambia, "Sijui wimbo wako utafika wapi. Huenda Mungu aliukusudia kwa hao wachache. Huenda mtoto wa jirani aliyeusikia dirishani ndiye atakayetunga ule utakaofika mbali. Lakini kama Bwana alikupa, ulishaufikisha kwake siku ulipouimba kwa moyo safi." Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia ameshaanza mwingine.

Tuombe: Bwana, kazi ya mikono yangu naiweka mbele zako. Nipe bidii ya kupanda hata nisipoona shamba likichanua. Niponye na kiu ya kusifiwa. Ukitaka mwingine avune, nipe moyo wa kufurahi naye. Katika jina la Yesu.

Kama ni ombi lako pia, sema Amina. Kisha rudi kwenye ile kazi uliyoiacha katikati.

Ubarikiwe.