Kosa Dogo, Kizuizi Kikubwa: Kipimo cha Kanada kwa Wageni Wenye Rekodi ya Jinai

Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Juni 28, 2002, inamzuia mgeni kuingia nchini humo iwapo aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa linalolingana na jinai ya kiwango fulani katika sheria za Kanada. Kiwango hicho kimewekwa na kifungu cha 36, ambacho kinagawa makosa katika mafungu mawili: jinai, na jinai nzito. Kosa lililotendwa ugenini huingia katika fungu la pili iwapo adhabu yake ya juu kabisa nchini Kanada ni kifungo cha miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo kinachopimwa ni adhabu ambayo sheria ya Kanada ingeruhusu, wala si ile iliyotolewa na mahakama iliyomsikiliza mshtakiwa. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakifai kwa makosa madogo, kwa kuwa kinahesabu jina la kosa na kuacha uzito wa kitendo chenyewe.

Ugumu wa kwanza unatokana na mfumo wa mashtaka wa Kanada. Makosa mengi, yakiwamo shambulio la kawaida na wizi wa mali ya thamani ndogo, yanaweza kushtakiwa kwa utaratibu mfupi wa makosa madogo au kwa utaratibu wa makosa makubwa. Mwendesha mashtaka ndiye anayechagua kulingana na mazingira ya kesi. Mpakani hakuna uchaguzi wa namna hiyo, kwani kifungu cha 36(3) kinaagiza kwamba kosa lolote la aina hiyo lichukuliwe kuwa la utaratibu wa makosa makubwa, hata kama mhusika alishtakiwa kwa utaratibu mfupi. Aliyelipa faini kwa kuiba shati dukani anaweza kujikuta hana ruhusa ya kuingia.

Ugumu wa pili umeonekana zaidi katika kosa la kuendesha gari mtu akiwa amelewa. Hadi mwishoni mwa mwaka 2018, kosa hilo, lisipokuwa limesababisha majeraha au kifo, lilikuwa na adhabu ya juu ya kifungo cha miaka 5. Kuanzia Desemba 18, 2018, Bunge la Kanada lilipandisha adhabu hiyo hadi miaka 10. Lengo lilikuwa kukabili ulevi barabarani, lakini mabadiliko hayo yalilisukuma kosa hilo moja kwa moja katika fungu la jinai nzito la sheria ya uhamiaji. Nafuu iliyopo ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kanada wa mwaka 2017, uliosema kwamba adhabu ya juu inayohesabiwa ni ile iliyokuwapo siku kosa lilipotendwa. Kwa msingi huo, makosa ya kabla ya Desemba 18, 2018 hupimwa kwa kiwango cha zamani.

Athari ya kiwango kipya inaonekana wazi kati ya jimbo la New York na Ontario. Sheria ya New York ina kosa la kuendesha gari huku uwezo wa dereva umepunguzwa na pombe, lililo chini ya kosa la ulevi kamili. Sheria ya jimbo hilo inalitaja kuwa kosa la barabarani tu, si jinai. Kwa mara ya kwanza, adhabu yake ni faini ya dola 300 hadi 500, kifungo kisichozidi siku 15, au vyote viwili, na leseni husimamishwa kwa siku 90. Dereva wa Buffalo aliyelipa faini hiyo akivuka Daraja la Amani kwenda Fort Erie, kosa lake linaweza kulinganishwa na kosa la Kanada la kuendesha gari ukiwa umeathiriwa na pombe. Kosa la siku 15 upande mmoja wa mto linakuwa kosa la miaka 10 upande wa pili.

Ofisa wa mpakani anaweza kuiona rekodi ya msafiri kwa sababu Kanada na Marekani hubadilishana taarifa za polisi. Baada ya pasipoti kukaguliwa, msafiri mwenye rekodi huelekezwa kwenye ukaguzi wa pili, ambako huulizwa juu ya kosa, tarehe na hukumu. Mara nyingi huruhusiwa kurudi alikotoka kwa hiari yake. Mzigo wa kuthibitisha kwamba hazuiliki ni wake, na nyaraka za mahakama anatakiwa awe nazo yeye mwenyewe.

Milango iliyoachwa wazi ni mitatu. Wa kwanza ni kibali cha ukaaji wa muda, kinachotolewa kwa hiari ya ofisa pale penye sababu ya msingi ya safari. Wa pili ni kuomba kutambuliwa kuwa mtu amerekebika, ombi linalowezekana baada ya miaka 5 tangu adhabu yote kumalizika, ikiwamo kipindi cha uangalizi. Wa tatu ni kuhesabiwa kuwa amerekebika kwa kupita muda tu: miaka 10 kwa mwenye kosa moja lisilofikia jinai nzito. Mlango huu wa tatu ndio uliokuwa na manufaa zaidi kwa wasafiri wa kawaida, kwa kuwa hauhitaji ombi. Mabadiliko ya mwaka 2018 yameufunga kwa waliotenda kosa la ulevi barabarani kuanzia Desemba 18 ya mwaka huo. Hata wakikaa miaka 30 bila kosa, hawana budi kuomba.

Nchi nyingine zinatumia vipimo tofauti. Marekani huangalia, miongoni mwa mengine, kama kosa linahusu upotovu wa maadili, na kosa la kawaida la ulevi barabarani kwa kawaida halihesabiwi humo. Hata kwa makosa yanayohesabiwa, kuna msamaha wa kosa dogo: mwenye kosa moja ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka mmoja, naye hakuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 6, hazuiwi. Lakini msamaha huo hauhusu dawa za kulevya. Mkanada aliyepatikana na bangi kidogo zamani huhitaji idhini maalumu kuingia Marekani, ingawa bangi imehalalishwa kwao tangu Oktoba 17, 2018, na msamaha wa serikali yake hauifungi Marekani. Uingereza, tangu Desemba 1, 2020, humkatalia kwa lazima mwenye hukumu ya kifungo cha miezi 12 au zaidi. Chini ya hapo, kwa sehemu kubwa, kinachoangaliwa ni muda uliopita na uamuzi wa ofisa.

Watetezi wa kipimo cha Kanada wana hoja yenye uzito. Hukumu hutofautiana mno kati ya nchi na nchi: mahakama moja hutoa onyo pale nyingine inapofunga jela, na palipo na rushwa hukumu nyepesi haimaanishi kosa jepesi. Kutumia sheria ya nyumbani kunawapa wageni wote mizani moja. Zaidi ya hayo, ulevi barabarani unaua, na nchi ina haki ya kumzuia mgeni anayehatarisha maisha ya watu wake.

Hata hivyo, hoja hiyo inatetea ulinganisho wa makosa, haitetei matumizi ya adhabu ya juu kama kipimo pekee cha uzito. Sheria ya Kanada inaweza kuendelea kuamua kama kitendo ni jinai, kisha hukumu iliyotolewa, madhara yaliyotokea na muda uliopita vikaamua mgeni azuiwe au la. Palipo na shaka juu ya mahakama ya ugenini, ofisa abaki na mamlaka ya kuikataa hukumu hiyo kwa sababu zilizoandikwa. Bunge la Kanada lilipopandisha adhabu ya ulevi barabarani lilikuwa likiwapa majaji wake uwezo wa kuwaadhibu wakosaji sugu, na halikuhitaji kumzuia mpakani mtu aliyelipa faini mara moja. Marekebisho yanayostahili ni mafupi: mwenye kosa moja la ulevi barabarani lisilomjeruhi mtu, na ambalo halikuleta kifungo, arudishiwe haki ya kuhesabiwa kuwa amerekebika baada ya miaka 10.