Lugha ya Msingi: Mifumo Endeshi ya Kompyuta, Matoleo Yake, na Kiswahili cha Ng'ambo ya Ziwa

Watumiaji wa kompyuta wanapojadili mifumo endeshi, yaani zile programu zinazoiamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote, hoja zao huzunguka mambo mawili: ubora na muda. Wako wanaoling'ang'ania toleo la zamani kwa kuwa wamelizoea na halijawaangusha. Wako wanaodai kwamba toleo lisilopata tena marekebisho ni sawa na nyumba isiyo na komeo. Na wako wanaowacheka wote wawili, wakisema kwamba aliye na akili hutumia mfumo huria usiokuwa na mwenyewe, akaurekebisha apendavyo. Mjadala huu una zaidi ya miaka thelathini, na umeendeshwa zaidi kwa Kiingereza na watu wenye umeme usiokatika.

Makala haya yanautazama kutoka upande mwingine, yaani kutoka Zongwe, katika Kalemie, mkoa wa Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dai letu ni kwamba kwa msemaji wa Kiswahili wa ufuko huo, swali la ubora na swali la muda hutanguliwa na swali la tatu ambalo watumiaji wengi hawana haja ya kuliuliza: mfumo umejengwa juu ya lugha ipi? Swali hilo ni la kihistoria, nalo ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe.

Tuanze na historia hiyo. Kiswahili kilivuka Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani ikapitia Tabora na Ujiji. Katika ufuko wa magharibi kilipata makao ya namna mbalimbali. Kilikuwa lugha ya biashara ya pembe na ya watumwa. Kisha, kuanzia mwaka 1885, Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walipoipokea ngome ya Mpala kusini mwa Kalemie ya leo, kikawa pia lugha ya mafundisho ya dini. Utawala wa Wabelgiji ulipojiimarisha, na reli ya kutoka Kabalo ilipofika Albertville (ndiyo Kalemie) mwaka 1915, Kiswahili kikawa lugha ya bandari, ya karakana na ya migodi ya Katanga. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi vijitabu vya kufundishia Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji vilivyobeba ndani yake maamuzi ya utawala: Kiswahili kipi ni bora, kipi ni duni, na nani ana haki ya kusema hivyo.

Wakati huohuo, upande wa mashariki, maamuzi mengine yalikuwa yanafanywa. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Ndiyo iliyousanifisha Kiswahili kwa kukitegemea Kiunguja, na ndiyo iliyopitisha tahajia na vitabu. Kongo haikuwamo. Wasemaji wa Kiswahili wa Albertville waliutazama usanifishaji huo kama mtu anayezitazama taa za Kigoma usiku: anaziona, lakini hazimmulikii njia. Tutaona kwamba miaka zaidi ya sabini baadaye jambo la namna hiyohiyo lilijirudia, safari hii ndani ya mashine.

Kompyuta za mezani zilipoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, zilikuja zikisema Kiingereza. Zilizofika Kongo zilikuja zikisema Kifaransa, na mara nyingi na kibodi ya AZERTY. Windows 95 ilitoka Agosti 1995 na Windows XP Oktoba 2001. Mtumiaji wa Dar es Salaam alijifunza menyu kwa Kiingereza, na wa Kalemie alijifunza Fichier mahali pa faili. Hakuna aliyelalamika sana, maana lugha ya biro na ya kalasi, kama wasemavyo watu wa Kongo, ilikuwa hiyohiyo ya kigeni.

Mwaka 2004 hali ilibadilika, na ilibadilika mara mbili. Mwezi Juni kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba itazitoa Windows na Office kwa Kiswahili. Mwezi Desemba mwaka uleule, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya OpenOffice.org iliyotiwa Kiswahili. Nchini Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alishughulikia kihakiki tahajia cha Kiswahili kwa ajili ya programu hiyohiyo. Wanaisimu walikaa na wahandisi, nayo istilahi zikawa suala la vikao. Je, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Iwe folda au kabrasha? Mabishano hayo yameandikiwa mengi na hatutayarudia hapa. Tusemacho ni kwamba yalivuta macho ya wataalamu kuyaelekea maneno, hata wengi wakasahau kuutazama muundo uliokuwa ukiyabeba maneno hayo.

Muundo wenyewe ulikuwa hivi. Kiswahili cha Microsoft hakikuwa Windows kamili ya Kiswahili. Kilikuwa vazi la lugha, lililotolewa bila malipo, ambalo huvishwa Windows iliyokwisha kuwekwa katika lugha nyingine, nalo hufunika zile sehemu zinazotumiwa mara nyingi zaidi. Pasipofikiwa na vazi hilo, mwili wa chini huonekana. Lugha hiyo ya chini ndiyo inayoitwa lugha ya msingi, na kwa Kiswahili lugha ya msingi iliyowekwa ni Kiingereza. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, nayo ilikuwa na vazi la Kiswahili, na sharti likabaki lilelile.

Sasa tumfikirie mwalimu wa Zongwe ambaye shule yake imepata kompyuta moja, na Windows iliyomo ni ya Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachosemwa sokoni na barazani, na Katiba ya nchi yake ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mwalimu huyo akilitaka vazi la Kiswahili, mfumo wake utamkatalia, si kwa kuwa Kiswahili hakipo, bali kwa kuwa msingi wake ni Kifaransa. Itambidi kwanza aweke Windows ya Kiingereza, lugha ambayo pengine haisomi, ili apate kuisoma Windows kwa lugha yake. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akapanga kumnyima. Waliopanga waliiona ramani ya Kiswahili ikiishia Kigoma, kama ilivyoonekana mwaka 1930. Hata alama ya lugha iliyowekwa katika mfumo ilikuwa ya Kiswahili cha Kenya.

Jambo OpenOffice haikuwa na kizuizi hicho. Ilikuwa programu iliyofasiriwa kwa ukamilifu, na ingeweza kuwekwa juu ya Windows ya Kifaransa bila ya kuomba ruhusa ya lugha nyingine. Hapa wapenzi wa programu huria wana haki ya kutamba kidogo. Lakini OpenOffice si mfumo endeshi. Ni chombo cha kuandikia barua na kufanyia hesabu. Mwalimu angeandika ndani ya dirisha la Kiswahili lililozungukwa na ukuta wa Kifaransa. Linux yenyewe, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 na ambayo jina la mradi wa Dar es Salaam liliiashiria, ilikuwa na matatizo yake, nayo yanaturudisha kwenye suala la muda.

Ubuntu, mfumo wa Linux uliovuma kuliko wenzake katika kompyuta za mezani, ulianza Oktoba 2004 ukaweka ahadi ya kutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kila baada ya miaka miwili toleo la kudumu zaidi. Wengi waliusifu utaratibu huo kwa kuwa unatabirika. Kwa mfasiri wa lugha ndogo ya kompyuta, utaratibu huo ni kama kujaza mtungi uliotoboka. Programu nyingi za Linux huweka kila tungo la Kiingereza sambamba na tafsiri yake. Mwandishi wa programu akigeuza neno moja la Kiingereza, hata kama maana haikubadilika, tafsiri huwekewa alama ya shaka, na mtumiaji haonyeshwi tena mpaka mfasiri aipitie na kuithibitisha. Tungo lisilo na tafsiri hutokea kwa Kiingereza. Kwa hiyo kazi iliyofanywa leo na watu wanaojitolea huanza kumomonyoka wao wakiwa wamelala. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la 1.1.3, toleo la 2.0 lilitoka Oktoba 2005, hata mwaka haujatimia, likiwa na menyu mpya na visanduku vipya vya kufasiri.

Windows XP ilikuwa kinyume chake. Mrithi wake, Vista, alichelewa hadi Januari 2007, na alipokuja alikuwa mzito kwa mashine nyingi, hivyo watu wakabaki na XP. Wakosoaji wa Microsoft waliliona jambo hilo kuwa aibu ya kampuni. Mimi naliona pia kuwa bahati ya Kiswahili: tafsiri ilipata miaka kadhaa ya kukaa mahali pamoja na kuzoeleka. Toleo linaloishi muda mrefu huwapa maneno nafasi ya kupoa mdomoni. Hoja hii huwakera wahandisi, nami nakiri kwamba haijibu lile swali la komeo.

Nalo ni swali la haki. Microsoft iliacha kuirekebisha XP tarehe 8 Aprili 2014, wakati ambapo, kwa hesabu zilizotolewa siku hizo, ingali ikitumika katika zaidi ya robo ya kompyuta za mezani duniani. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa muda wa siku chache, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Dawa ya ufa ilioutumia ilikuwa imetolewa mwezi Machi kwa matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa. Walioumia ni ambao hawakuiweka, wengi wao wakiwa watumiaji wa Windows 7. Tukio lile liliwanyamazisha wengi waliokuwa wakisema kwamba marekebisho ni usumbufu mtupu.

Lakini kuyaweka marekebisho kunataka njia ya kuyaleta. Tangu Oktoba 2003 Microsoft imeyatoa kwa kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi. Windows 10 ilipokuja Julai 2015 iliyafanya masasisho kuwa yenye kujileta yenyewe, na kwa miaka kadhaa ikatoa mabadiliko makubwa mara mbili kwa mwaka, kila moja likiwa na gigabaiti kadhaa. Mfumo huo ulimdhania mtumiaji aliye na intaneti ya bei nafuu na umeme wa kutwa. Kalemie hupata umeme wake kutoka kituo cha Bendera, kilichojengwa mwishoni mwa enzi ya Wabelgiji, na intaneti hununuliwa kwa kipimo. Mtu anayelipia kila megabaiti akiiona mashine inajivutia gigabaiti mbili bila idhini yake, hatauliza kama toleo ni bora. Atatafuta namna ya kulizuia. Watumiaji wa Ulaya wakimwona huyo huzungumzia uzembe. Ni hesabu tu.

Ama kuhusu Kiswahili chenyewe cha Kongo, wataalamu wa misimbo ya lugha hawakukisahau. Katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 kina msimbo wake, swc, mbali na swh wa Kiswahili cha mashariki, na vyote viwili viko chini ya swa. Hazina ya Unicode inayozipa programu majina ya siku, miezi na sarafu nayo imekitambua Kiswahili cha Kongo. Mashine basi inaweza kuambiwa kwamba iko Kongo na kwamba mwenyewe anasema Kiswahili, ikapanga tarehe ipasavyo. Kilichobaki nje ni menyu, yaani kile mtu anachokisoma.

Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hoja kwamba Kiswahili cha ufuko wa magharibi ni jambo la wengine ikapoteza msingi wake wa kisiasa. Wakati huo Windows 11 ilikuwa imetoka tangu Oktoba 2021, ikidai kijipande cha usalama cha TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, na vichakato vya miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi za mitumba haziyatimizi. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma. Kompyuta ya namna hiyo ikiwa Zongwe, mwenyewe ana njia tatu: aiache ilivyo bila komeo, anunue nyingine, au aweke Linux. Akichagua ya tatu, mashine itamuuliza lugha mwanzoni kabisa, kabla ya kumuuliza jina lake. Kiswahili akikiona katika orodha atakichagua, na sehemu zisizofasiriwa zitamtokea kwa Kiingereza, wakati majirani zake wote wanajua Fichier.